Poromoko la Sita la Mto Arumet

Ajikon hana nia ya kulala. Anajinyoosha tu kidogo juu ya boti kuukuu ya mpira iliyokunjwa kwenye sakafu ya ghala, kwa sababu ni saa saba mchana na joto limelikalia bonde lote, na kwa sababu magoti yake ya miaka hamsini na tisa yamekataa kuchuchumaa tena. Wifi yake Cheposait yuko karibu na mlango, anakunja majaketi ya kuelea, moja baada ya jingine, anayakung'uta vumbi na kuyapanga. Wamekuja kuhamisha vitu. Chini ya ghala, pale ambapo kwa miaka yote palikuwa na mteremko wa mawe meusi, kisha korongo, kisha Mto Arumet ukinguruma chini kabisa, sasa kuna ziwa. Bwawa limefungwa tangu mwezi wa nne, na maji yanapanda kiganja kimoja kila siku, bila kelele, bila haraka. Juma lijalo yatakuwa yamefika hapa.

Kesho anakuja yule dada wa makumbusho, Cheposait anasema bila kugeuka. Anataka majina ya maporomoko yote ayaandike kitabuni kabla hatujayasahau. Nitampa, Ajikon anasema. Na la sita je? La sita halina jina, unajua. Basi mimi nimelipatia, Cheposait anasema, na anakung'uta jaketi kwa nguvu hadi vumbi linamficha uso. Liitwe Mbishi. Ndilo lililomchukua mume wangu, nina haki nalo. Waandike hivyo, Mbishi, na watu wakiuliza waambiwe alipita hapo mwanamume aliyeshauriwa na dada yake akakataa ushauri. Anasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya sukari, na hilo ndilo linalomchoma Ajikon zaidi. Anafungua mdomo ajibu. Maneno yapo, yamekuwepo miaka kumi na moja. Lakini joto ni zito, na ulimi ni mzito kuliko joto, na macho yanafumba yenyewe.

Kwanza anausikia mpira ukivuta pumzi chini ya mgongo wake. Unavuta tena, kama ng'ombe aliyelala anayetaka kuinuka. Mikunjo inafunguka mmoja mmoja, kingo zinavimba na kukaza, na Ajikon anainuliwa pamoja na boti, anapita juu ya kichwa cha wifi yake ambaye hatazami juu, anaendelea kukunja, na boti inavuka mlango, na nje hakuna ziwa. Kuna korongo. Lipo lote kama lilivyokuwa, kuta zake nyekundu zimesimama pande mbili hadi mbingu inabaki utepe mwembamba, na mikoma kwenye mchanga, na mbuzi wadogo kama punje za mahindi kwenye vijia vya juu, na vijia vyenyewe ni vingi kuliko anavyokumbuka, vinapanda na kushuka na kukatana, kila kimoja kinakwenda mahali na hakuna kinachofika. Chini, mto. Boti inatua juu yake taratibu, na maji yanaipokea kwa sauti ile ile, sauti ya kofi dogo, ambayo Ajikon aliisikia kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita na hakujua kwamba ataililia.

Nyuma ya boti, kwenye kiti cha nahodha, ameketi mtu. Amevaa helmeti ya manjano na ameshika kafi kwa namna ya anayejua kazi, lakini chini ya helmeti hakuna uso, kuna kitu laini kama jiwe la mtoni lililosuguliwa na maji. Ajikon haogopi. Katika nchi hii anaona ni jambo la kawaida. Wewe ni nani, anamwuliza. Mimi ni anayekaa nyuma, mtu yule anajibu, na sauti yake haitoki mdomoni kwa sababu hana mdomo. Hicho kilikuwa kiti changu, Ajikon anasema. Kilikuwa. Tunakwenda wapi? Tunakwenda ulikotoka. Mto huu una urefu gani sasa? Una urefu wa kile ambacho hujakisema, asiye na uso anasema, kisha anazamisha kafi, na mkondo unawachukua.

Wanafika kwa Karani, poromoko la kwanza. Ajikon anamtambua kabla hajamwona, anatabasamu. Ni kaka yake Ekuwom aliyeyapa karibu maporomoko yote majina yao, yeye na ile midomo yake isiyochoka, mwaka ule wa kwanza mzungu mmoja alipokuja na boti mbili za kijivu akatafuta vijana wasioogopa maji, wa kuwateremsha wageni mtoni, katika nchi ambayo maji yenyewe ni ya kutafuta. Ekuwom alikuwa na miaka ishirini na minne, Ajikon ishirini na miwili. Mzungu alikaa misimu mitatu akaondoka, boti zikabaki, na wao wakabaki nazo. Ekuwom aliwaambia wageni kwamba mto una ofisi, na ofisi ina karani mlangoni, na karani hampishi mtu kabla hajamwandika. Wimbi moja tu, dogo, linaruka kutoka kulia na kumpiga kila mtu usoni. Ukilowa, umeandikwa. Wageni walipiga kelele wakajificha, lakini Ekuwom hakuwahi kukwepa hata siku moja, aliinua uso wake na kulisubiri wimbi macho wazi, kama mtoto anayenawishwa na mama yake. Sasa wimbi linaruka, na Ajikon anainua uso, na maji ni baridi na yana ladha ya udongo wa mbali. Anageuka. Asiye na uso hajalowa. Mimi hawawezi kuniandika, anasema. Wataniandika wapi?

Kisha Mama Mkwe, ambako mwamba umetokeza kutoka ukutani na kuinama juu ya mto, na kila mtu lazima ainamishe kichwa hadi magotini. Ni heshima, Ekuwom alikuwa akisema, hapa hakuna mkubwa. Waliokaidi walipoteza kofia, na kofia hizo, alidai, Mama Mkwe amezivaa zote, ndiyo maana jua halimpati. Ajikon anainama. Anapita chini ya jiwe na ubaridi wake unamgusa mgongoni kama mkono, na anapoinuka anasikia harufu ya maharagwe. Ni Sufuria ya Lomoru. Lomoru alikuwa mpishi wao, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na siku moja boti ya mizigo ilipinduka hapa ikazama na sufuria kubwa iliyokuwa imelisha harusi mbili na matanga manne. Lomoru alikaa ukingoni hadi jioni akiisubiri ielee. Tangu siku ile maji ya hapa yanachemka, yanatoa povu mfululizo, na Ekuwom aliwaambia wageni kwa uso wa dhati kabisa kwamba maharagwe hayajaiva bado. Ajikon anacheka peke yake. Anacheka hadi machozi, na asiye na uso anamsubiri amalize.

Hapo korongo linapanuka na mji unatokea. Ni Natole, senta yao, yenye maduka saba na kinu cha kusaga na kanisa la mabati, iliyozama mwezi wa sita. Haijazama. Imebandikwa kwenye ukuta wa kulia, na ukuta wa kushoto umebandikwa Natole nyingine, imepinduliwa, milango juu na mapaa chini, kila kitu mara mbili. Watu wamesimama barazani mwa maduka wanapunga mikono, na wale wa upande wa pili wanapunga vilevile vichwa chini, na hakuna hata mmoja mwenye uso, lakini Ajikon anawajua kwa mabega yao, kwa mshono wa shuka, kwa namna ya kuegemea nguzo. Yule ni Lomoru. Yule ni mama anayeuza tumbaku. Wanamwita, karibu chai, na moyo wake unavutwa hadi unauma. Nisimamishie, anamwambia asiye na uso. Niwasalimie tu. Ukishuka utashukia upande upi, anaulizwa. Ajikon anatazama kulia, anatazama kushoto, hajui ni Natole ipi ina kivuli na ipi ndiyo kivuli, na boti inapita, na mikono inaendelea kupunga nyuma yao.

Mapacha ni miamba miwili myeupe katikati ya maji. Wasichana wawili waliozaliwa pamoja walikwenda kuchota maji, hivyo ndivyo ilivyosemwa tangu kale, hata kabla ya boti, mmoja akamwambia mwenzake nisubiri, na mwenzake bado anasubiri. Mto unagawanyika kuwapisha na kuungana tena mbele yao. Ukipita lazima uwasalimie wote wawili, kwa sababu yule usiyemsalimia ndiye atakayekupindua. Hapa ndipo Ekuwom alipomvusha bibi harusi wake. Watu wa Cheposait walikuwa ng'ambo, na mvua ilikuwa imekata barabara ya juu, wazee wakasema harusi ingoje mwezi mwingine. Ekuwom akasema hangoji. Akamweka Cheposait mbele ya boti, shanga shingoni hadi kidevuni, miguu imelowa, ameshika kamba kwa mikono yote miwili na macho ameyafumba kabisa, na Ajikon nyuma akishika kafi, akiimba kwa sauti ili mtoto wa watu asisikie maji. Mapacha walipokaribia, Cheposait alifumbua jicho moja akauliza, wifi, ni kweli wanasalimiwa? Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Ajikon. Wakawasalimu wote watatu kwa pamoja, wakapita kama mafuta. Ajikon anawasalimia Mapacha sasa, mara mbili, na sauti mbili zinamwitikia, na moja ni ya Cheposait wa wakati ule, nyembamba, yenye kicheko ndani yake.

Baada ya Mapacha mto unapaswa kunyooka. Haunyooki. Unapinda kushoto, kisha kushoto, kisha kushoto tena, na wimbi linaruka kutoka kulia na kumpiga usoni. Ni Karani. Wanainama kwa Mama Mkwe, wanapita kwenye harufu ya maharagwe, Natole inapunga mikono kutoka pande zake mbili, wanasalimia Mapacha, na mto unapinda kushoto. Mara ya pili Ajikon anafurahi. Mara ya tatu anagundua kwamba kicheko chake mwenyewe kinamtangulia, kinasikika kwa Lomoru kabla hajafika. Mara ya nne mikono ya watu wa Natole imechoka. Kwa nini tunazunguka, anauliza. Mimi sizungushi, asiye na uso anasema, mimi nakaa nyuma tu. Unataka kwenda chini? Ingekuwa hiari ya Ajikon angezunguka hivi siku zote, katika miaka ile mizuri, na kaka yake akitajwa kila kona bila kuonekana, bila kufa. Lakini anawaona Mapacha wakikaribia kwa mara ya tano, na sauti ile ya bibi harusi inamwuliza, wifi, ni kweli? Ni kweli, wifi? Na anashindwa kuvumilia kuisikia mara ya sita. Twende chini, anasema. Mto unanyooka.

Poromoko la tano linaitwa Kimya. Kuta zinakaribiana na kumeza sauti, maji yanaporomoka kwa nguvu lakini hutasikia kitu hadi umo ndani yake. Ekuwom alisema hapo mto umenyamaza kwa sababu unasikiliza, na akawakataza wageni na wapishi na hata mzungu mwenyewe kumsema mtu asiyekuwepo. Yule asiyekuwepo hawezi kujitetea, alikuwa akisema, na mto utayashika hayo uliyoyasema. Boti inaingia. Hakuna sauti. Ajikon anasikia damu yake mwenyewe, na baada ya damu anasikia sauti ya mwanamke, iko wazi, ina haraka, ni sauti yake ya miaka kumi na moja iliyopita, inasema kutoka ukutani, yeye ndiye aliyesema kushoto. Nilimwambia kulia, akakataa.

Ilikuwa jioni, kwenye mchanga chini ya la sita. Wageni wanane walikuwa wamejifunika mablanketi wakitetemeka, wote wazima. Ekuwom hakuwepo. Wanaume walikuwa wanamtafuta wakiwa na kamba kwenye ukingo wa chini. Cheposait alikuja kwa miguu akikimbia kutoka kambini, kitambaa kimeanguka kichwani, ameshasikia njiani kwamba boti imepinduka upande wa kushoto, akamshika Ajikon mabega na kumtikisa, nani alisema kushoto? Na Ajikon, maji yakiwa bado masikioni, akausikia mdomo wake ukijibu. Yalikuwa maneno machache tu. Alidhani atayarekebisha kesho yake. Kesho yake walimpata Ekuwom. Siku iliyofuata walizika. Kisha wazee wakauliza, na jibu lilikuwa limeshatangulia, limeshakaa, watu wameshatikisa vichwa na kusema yule bwana alikuwa na kichwa kigumu tangu utoto. Kisha ukapita mwaka. Binti wa Ekuwom alikuwa na miaka tisa, akakua akiambiwa, usiwe mbishi kama baba yako. Ajikon alikuwapo alipoambiwa hivyo. Alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya.

Sasa sauti kutoka ukutani inasema tena, na tena, na asiye na uso anauliza polepole, unaifahamu hiyo? Ajikon anasema, ni yangu. Na anapogeuka, kiti cha nyuma ni kitupu, kafi limelazwa juu yake, na helmeti ya manjano inazunguka sakafuni mwa boti. Anakwenda kuketi hapo. Mikono yake inalichukua kafi bila kumwuliza.

Na mbele ya boti ameketi mwanamume, amempa mgongo. Bega lake la kulia limefungwa kitambaa, kwa sababu alilitegua siku tatu kabla, na ndiyo maana siku ile alikaa mbele kama abiria, na Ajikon akashika usukani kwenye maji yaliyojaa. Ekuwom, anaita. Mgongo unasikia. Geuka nikuone. Siwezi kugeuka, Ekuwom anasema. Umenivalisha kitu, na mimi siwezi kukivua mwenyewe. Ni sauti yake hasa, na ule mkwaruzo mwishoni mwa kila neno. Nimekukosea, Ajikon anasema. Tunakaribia, Ekuwom anasema. Tazama maji.

La sita. Jiwe jeusi limekaa katikati kama fahali aliyelala, na mto unapasuka pande zake mbili. Kushoto maji ni mazito na ya kina, yanateleza kimyakimya kisha yanaanguka kwa ghafla. Kulia ni mawe na kina kifupi, na siku ile kulia palikuwa na mgunga mzima ulioletwa na mafuriko, matawi yake yamekingama chini kidogo ya maji, miiba na yote. Aliyekaa mbele hakuweza kuuona. Ajikon aliuona, kwa sababu alikuwa amesimama. Aliuona akapiga kelele kwa lugha yao, ambayo wageni hawakuijua, kushoto. Hakuna nahodha ambaye angemlaumu. Hakuna mzee ambaye angemlaumu. Kama angesema tu, niliona mti nikasema kushoto na maji yakatushinda, wangelia pamoja na mambo yangeishia hapo. Hilo analijua. Amelijua kila asubuhi, na kila mwaka limekuwa gumu zaidi kulisema, kwa sababu kila mwaka uwongo wake ulikuwa mkubwa kuliko kosa lenyewe.

Ekuwom anainua mkono wake mzima juu, bila kugeuka, kama alivyoinua siku ile. Anauliza njia. Na mto unangoja. Ajikon anashangaa kuona hivyo, maji yamesimama juu ya ukingo wa poromoko, yanatetemeka, yanamngoja yeye. Anasimama. Anatazama kulia. Kulia hakuna mti. Ni kweupe, maji yanapita juu ya mawe safi, mtoto angeweza kupita. Anaweza kusema kulia. Anaweza kusema sasa hivi, na watashuka salama, na mchanga utakuwa chini, na chakula cha jioni, na Ekuwom atawasimulia wageni juu ya fahali mweusi, na litapata jina, jina la kuchekesha kama mengine. Nikisema kulia, anauliza, utaishi? Ekuwom hashushi mkono. Ukisema kulia leo, anasema, siku ile nani atakuwa amesema?

Ajikon analia wima, kafi mkononi. Anaangalia shingo ya kaka yake, mstari wa jasho na vumbi, kovu dogo nyuma ya sikio alilolipata akiwa na miaka saba alipoanguka kutoka mgongoni mwa punda waliyekatazwa kumpanda, na yeye Ajikon akakubali kuchapwa badala yake. Alikuwa mdogo, lakini alikubali. Kumbe aliweza wakati ule. Anavuta pumzi hadi mbavu zinamwuma. Kushoto, anasema. Nimesema mimi. Ajikon. Kushoto!

Na Ekuwom anageuka. Uso wake upo, wote, na pengo la meno ya chini na kope zilizoungua jua, na anacheka kama alivyocheka na wageni kila walipokuwa wanaogopa. Haya basi, nahodha, anasema. Maji yanawachukua. Wanateleza, wanaanguka, boti inasimama wima kama ukuta, na Ajikon anaona mto juu na mbingu chini, na Natole mbili zinagongana na kuwa moja, na mkono wa kaka yake umeshika mkono wake, una joto, una ngozi ngumu kiganjani, na anaushika kwa nguvu zake zote, na unateleza taratibu, kidole baada ya kidole, na safari hii hapigi kelele.

Mchanga. Amelala kifudifudi kwenye mchanga wenye joto, na mbele ya macho yake kuna miguu miwili iliyolowa. Cheposait amesimama, na shingo yake ina shanga hadi kidevuni, lakini nywele zake zina mvi za leo, na mkononi ana jaketi. Wifi, Ajikon anasema kutoka chini alipo. Ekuwom hakuwa mbishi. Ni mimi niliyesema kushoto. Kulia palikuwa na mti nikauona, nikasema kushoto, naye akaniamini. Nilipokuambia wewe vile nilikuwa naogopa, na baadaye nikaogopa kwamba niliogopa. Jaketi linamponyoka Cheposait. Miaka kumi na moja, anasema, na midomo yake haifanyi kazi vizuri. Miaka kumi na moja namsema vibaya mume wangu kwa mtoto wake. Kaburini kwake sikwendi. Nilimkasirikia, Ajikon. Nimekuwa nikimkasirikia kila nikitandika kitanda. Anageuka na kuanza kutembea. Ajikon anainuka amfuate, na mchanga unakuwa njia, na njia inakuwa ile ya mbuzi ukutani, na zote zile nyingine zinaungana nayo, inapanda na kushuka na haifiki, na mgongo wa Cheposait uko mbele, hauendi mbali wala hausogei karibu, na Ajikon anatembea, anaita wifi, anatembea, anaita, hadi sauti yake mwenyewe inamgonga sikioni na kumfumbua macho.

Mabati. Joto. Mstari wa jua umehamia ukutani. Ajikon amelala ubavu, mate kwenye shavu, na kwa muda hajui magoti yake ni ya umri gani. Majaketi yote yameshakunjwa na kupangwa. Cheposait ameketi sakafuni karibu naye, karibu kuliko alivyokuwa, mikono imetulia mapajani, anamtazama. Macho yake ni mekundu. Lakini amekuwa akikung'uta vumbi tangu asubuhi.

Kutoka chini, upande wa ziwa, kuna ngurumo. Ajikon anasikiliza. Huenda ni lori kwenye barabara ya kokoto, linakuja kuchukua mizigo. Huenda ni maji. Ziwa halina sauti, anajua hivyo, na bado ngurumo ile ina mapigo anayoyafahamu, na kama atainuka na kutoka nje hana hakika ataona nini. Hana hakika kama yule aliyeondoka akitembea mchangani ameondoka kweli, na huyu aliyeketi hapa ni nani kati ya wawili. Anataka kumgusa, anaogopa atapita katikati yake.

Wifi, anasema, akijiinua kuketi. Nimesema kitu? Umesema mengi, Cheposait anajibu. Umesema ukiwa umelala, au umesema ukiwa macho, mimi sikuweza kujua, macho yako yalikuwa wazi nusu. Nimesema nini? Cheposait anaokota uzi kwenye sketi yake, anauzungusha kidoleni, anaufungua. Kidevu chake kinatetemeka kidogo, kama uso wa maji kabla ya kuanguka. Kisha anasogea hadi mabega yao yanakaribiana, anaukalia ukingo wa boti, na anatazama mbele yake, si usoni kwa wifi yake.

Niambie tena, anasema. Anzia juu, kwa Karani, na usiruke mahali.